Kufumua Picha Zilizosukwa: Uteuzi wa Njia ya Kubadilisha Kanda za Video za Fasihi Simulizi Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika utafiti wa fasihi simulizi mtu huweza kuwa na macho na bado asione, kwa sababu kile kilichowekwa mbele yake kilikwisha kupunguzwa kabla hajakitazama. Mfano ni kanda ya video ya arusi iliyopigwa mjini Garissa katika miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndani yake wanawake wamefanya duara, ngoma inalia, makofi yanapigwa, na mmoja wao ameingia katikati akicheza buraanbur huku shali yake ikipepea. Kanda hiyo ikichezwa katika runinga ya zamani, picha ni laini. Ikihamishiwa katika kompyuta, mkono wa mchezaji huota meno kama ya kitana kila unaposogea. Ikipelekwa kwa fundi aigeuze iwe faili ya kutazamwa katika simu ya mkononi, meno hutoweka na kila mtu hufurahi. Jambo lisilosemwa ni kwamba, pamoja na meno hayo, huenda nusu ya nyakati zilizonaswa na kamera zimetoweka pia.

Makala haya yanaeleza asili ya meno hayo, njia zinazotumiwa kuyaondoa, na vigezo vya kuteua njia ifaayo. Hoja yake kuu ni kwamba uteuzi huo haupaswi kuachiwa mashine wala fundi peke yake. Ni uamuzi wa kitaaluma, sawa na ule wa kunukuu au kutafsiri matini, na anayestahili kuufanya ni yule anayejua ni kitu gani katika kanda kinachotafutwa.

Katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao tangu mwaka 2013 ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, suala hili lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya fasihi ya eneo hilo hutungwa na kutendwa kwa sauti na kwa mwili. Kisomali chenyewe kilipata maandishi rasmi mwaka 1972, nchini Somalia, na tungo nyingi za kabla na baada ya mwaka huo ziliishi katika vinywa vya watu. Utendaji ulionaswa katika kanda ya arusi huenda ndio ushahidi wa pekee uliosalia wa mtungaji fulani, hasa iwapo mtungaji huyo ameaga dunia.

Maana ya kusuka na kufumua

Kiswahili hakina istilahi moja iliyozoeleka kwa dhana zinazojadiliwa hapa. Mtu anaweza kutohoa akasema intalesi na diintalesi. Hata hivyo, lugha ya kila siku ina jozi ya vitenzi inayobeba maana hiyo bila taabu: nywele husukwa, na nywele hufumuliwa. Kwa msingi huo, makala haya yanatumia istilahi nne. Fremu ni picha moja nzima ya video. Nusu-fremu ni nusu ya mistari ya picha hiyo, ama mistari witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5 na kuendelea, au mistari shufwa, yaani wa 2, wa 4, wa 6 na kuendelea. Video iliyosukwa ni ile ambayo kila fremu yake imeundwa kwa nusu-fremu mbili zilizopishanishwa mstari kwa mstari. Kufumua ni kuzitenganisha nusu-fremu hizo na kuunda kutokana nazo fremu nzima zinazoweza kuonyeshwa kwa mara moja.

Asili ya picha iliyosukwa

Runinga za zamani zilichora picha kwa mwale wa elektroni uliokwenda kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, mstari baada ya mstari. Picha 25 kwa sekunde zilitosha kuonyesha mwendo, lakini kioo kilimetameta na kuyachosha macho. Kuchora picha nzima 50 kwa sekunde kungeondoa adha hiyo, ila kungehitaji nafasi maradufu katika mawimbi ya utangazaji. Suluhisho likawa kuchora mistari witiri kwanza, kisha shufwa, hivi kwamba kioo kiliangazwa mara 50 kwa sekunde kwa gharama ya picha 25. Wazo hili lilishughulikiwa na Fritz Schröter wa kampuni ya Telefunken nchini Ujerumani na Randall Ballard wa kampuni ya RCA nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Shirika la BBC lilipoanza matangazo ya kawaida ya runinga jijini London mwaka 1936, mfumo wa mistari 405 wa Marconi-EMI ulikuwa tayari umesukwa.

Kenya ilianza matangazo ya runinga mwaka 1962. Mfumo uliotumika nchini ni ule wa mistari 625 na nusu-fremu 50 kwa sekunde, ambao katika enzi ya rangi ulijulikana kama PAL. Mistari 576 kati ya hiyo 625 ndiyo hubeba picha, kwa hivyo kila nusu-fremu ina mistari 288. Kamera za VHS zilizobebwa begani, na baadaye kamera ndogo za MiniDV zilizoingia sokoni mwaka 1995, zilifuata mpango huohuo. Kenya ilizima mitambo ya runinga ya analojia mwaka 2015, lakini usukaji haukuondoka nayo. Kamera nyingi za HDV na za AVCHD zilirekodi video iliyosukwa yenye mistari 1,080.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: nusu-fremu mbili za fremu moja hazikupigwa kwa wakati mmoja. Kati yake kuna sehemu moja ya hamsini ya sekunde, yaani milisekunde 20. Ikiwa mkono wa mchezaji unakwenda kwa kasi ya mita mbili kwa sekunde, katika muda huo umesogea sentimita nne. Ikiwa kamera imelenga eneo lenye upana wa mita tatu, na picha ina pikseli 720 kwa upana, sentimita nne ni karibu pikseli 10. Mistari witiri inauonyesha mkono mahali pamoja, na mistari shufwa inauonyesha pikseli 10 mbele. Runinga ya zamani ilizionyesha nusu hizo kwa zamu, kama zilivyopigwa. Kompyuta na simu huonyesha fremu nzima kwa mara moja, na hapo ndipo meno ya kitana huchomoza. Kwa hivyo meno hayo hayatokani na uchakavu wa kanda. Ni nyakati mbili halisi zilizobanwa katika picha moja.

Kutambua asili ya kanda

Kabla ya kuteua njia, ni sharti ijulikane kanda ilitoka wapi. Katika Kaskazini Mashariki mtafiti anaweza kukutana na aina nne.

Ya kwanza ni kanda iliyopigwa Kenya kwa mfumo wa PAL, yenye nusu-fremu 50 kwa sekunde. Hii ndiyo hali ya kawaida kwa kanda za arusi, mikutano ya hadhara na sherehe za shule.

Ya pili ni kanda iliyotumwa na jamaa walio ughaibuni. Jamii kubwa ya Wasomali, wakiwemo wenye asili ya Kenya, inaishi Minneapolis nchini Marekani na Toronto nchini Kanada. Nchi hizo zilitumia mfumo wa NTSC, wenye mistari 480 ya picha na nusu-fremu 59.94 kwa sekunde. Kanda kama hiyo inapaswa kufumuliwa kwa kasi yake yenyewe. Kuilazimisha iwe na fremu 25 ni kuipotosha.

Ya tatu ni kanda iliyokwisha kubadilishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kabla ya kunakiliwa. Mashine nyingi za kubadilisha mifumo zilifanya kazi kwa kuchanganya nusu-fremu jirani, na matokeo yake ni vivuli viwili vya kila kitu kinachosogea. Hakuna njia ya kufumua itakayoviondoa kabisa vivuli hivyo. La busara ni kuitafuta kanda asilia.

Ya nne ni kanda iliyotokana na filamu. Filamu ya Kenya Boran (1974), iliyotengenezwa na David MacDougall na James Blue katika eneo la Marsabit linalopakana na Wajir, ilipigwa kwa filamu ya milimita 16. Kamera ya filamu hupiga picha nzima kwa mara moja. Filamu inapohamishiwa katika kanda ya PAL kwa utaratibu wa kawaida, nusu-fremu zote mbili hutoka katika picha ileile, na hakuna cha kufumua. Anayeifumua kanda ya namna hiyo huiharibu bila sababu. Katika kanda za NTSC mambo ni tofauti, kwa kuwa picha 24 za filamu hugawanywa katika nusu-fremu kwa mpango wa tatu kwa mbili. Huko hutumiwa programu ya kuzirejesha picha 24 za asili, na ufumuaji wa kawaida haufai.

Njia za kufumua

Njia zilizopo ni nyingi, lakini zinaweza kuwekwa katika makundi sita.

Kundi la kwanza ni la kuunganisha. Nusu-fremu mbili huachwa zilivyo katika fremu moja. Njia hii inaifaa kanda iliyotokana na filamu, na pia sehemu ambazo hakuna kinachosogea. Penye mwendo, meno hubaki.

Kundi la pili ni la kutupa nusu. Programu huchukua mistari witiri peke yake, au shufwa peke yake, kisha huirefusha ijaze kioo. Meno huisha papo hapo, na kazi ni nyepesi hata kwa kompyuta dhaifu. Gharama yake ni kubwa. Kanda ya saa moja ya mfumo wa PAL ina nusu-fremu 180,000, na kwa njia hii 90,000 kati yake hutupwa. Mistari ya picha hupungua kutoka 576 hadi 288, na nyakati hupungua kutoka 50 hadi 25 kwa sekunde.

Kundi la tatu ni la kuchanganya. Mistari witiri na shufwa hutiwa pamoja na kupatiwa wastani. Meno hugeuka ukungu, na mkono mmoja huonekana mikono miwili hafifu. Watazamaji wengine huipenda picha hiyo kwa kuwa ni laini, lakini nyakati mbili zilizokwisha kuchanganywa haziwezi kutenganishwa tena, kama maziwa yaliyokwisha kutiwa katika chai.

Kundi la nne ni la kuipa kila nusu-fremu fremu yake. Mistari inayokosekana hukadiriwa kutoka kwa mistari iliyo juu na chini yake, na video hutoka ikiwa na fremu 50 kwa sekunde. Nyakati zote zilizonaswa na kamera huhifadhiwa. Kasoro yake huonekana katika vitu visivyosogea: kwa kuwa mistari witiri na shufwa haiko mahali pamoja, ncha za nguo, maandishi na michoro myembamba hutikisika juu na chini.

Kundi la tano ni la kupima mwendo. Programu huchunguza kila pikseli, ikilinganisha fremu iliyopita, iliyopo na ijayo. Mahali palipotulia, hutumia nusu-fremu zote mbili, na hivyo mistari 576 husalia. Mahali penye mwendo, hutumia nusu moja na kukadiria mistari iliyobaki. Yadif, iliyoandikwa na Michael Niedermayer, ni mojawapo ya zana zinazotumiwa sana katika kundi hili, na inapatikana bure ndani ya FFmpeg. Bwdif, ambayo pia imo katika FFmpeg, iliiendeleza Yadif kwa kuongeza mbinu iliyotokana na kazi ya Martin Weston wa kitengo cha utafiti cha BBC. Hapa kuna tofauti ambayo mtumiaji asipoiangalia itampotosha. Katika FFmpeg, Yadif isipopewa maagizo hutoa fremu moja kwa kila nusu-fremu mbili, yaani fremu 25 kwa sekunde. Bwdif isipopewa maagizo hutoa fremu moja kwa kila nusu-fremu, yaani 50. Mtu anayeikubali Yadif jinsi ilivyo hupoteza nusu ya nyakati bila kujua kwamba kuna uamuzi uliofanywa kwa niaba yake.

Kundi la sita ni la kufidia mwendo. Programu hukisia kila sehemu ya picha imehamia wapi, kisha huijaza mistari inayokosekana kwa kufuata njia hiyo. QTGMC, inayotumiwa kupitia AviSynth au VapourSynth, ndiyo mashuhuri katika kundi hili. Matokeo yake huwa laini na yasiyotikisika, lakini huhitaji muda mrefu na kompyuta yenye nguvu. Aidha, katika matumizi yake ya kawaida husafisha chembechembe za picha na kunoa ncha. Zipo pia programu za akili unde zinazobuni mistari kutokana na mifano zilizofunzwa. Kadiri programu inavyojaza zaidi, ndivyo mtafiti anavyopaswa kukumbuka kwamba sehemu ya anachokiona imekisiwa na mashine, wala haikunaswa na kamera.

Makosa yanayotangulia uteuzi

Njia bora haifai kitu ikiwa misingi imekosewa. Kosa la kwanza ni la mpangilio wa nusu-fremu. Kanda za MiniDV huanza na mistari shufwa. Kanda za HDV huanza na mistari witiri. Kanda ya VHS hutegemea kifaa kilichotumiwa kuihamishia katika kompyuta. Programu ikiambiwa kinyume, nyakati hupangwa kwa mfuatano wa pili, kwanza, nne, tatu, na mchezaji huonekana akienda mbele, kisha nyuma, kisha mbele. Kasoro hii huthibitishwa kwa kuifumua sehemu fupi kwa fremu 50 na kuitazama fremu moja moja.

Kosa la pili ni kubadilisha ukubwa wa picha kabla ya kufumua. Picha iliyosukwa ikipunguzwa au kuongezwa kimo, mistari witiri na shufwa huchanganyika, na meno hugeuka mawimbi yasiyoondoka. Kwanza hufumuliwa, kisha ndipo hubadilishwa ukubwa. Kosa la tatu ni kufumua kitu kisichosukwa. Video za simu za mkononi, kwa mfano, hurekodiwa zikiwa na fremu nzima na hazihitaji kuguswa.

Kuteua kwa kufuata maudhui

Swali la njia ipi ni bora halina jibu moja. Swali lenye jibu ni hili: katika kanda hii, ushahidi uko wapi?

Katika ngoma, ushahidi uko katika mwendo. Buraanbur ni utungo wa wanawake unaoandamana na ngoma, makofi na uchezaji. Dhaanto ni uchezaji unaofuata hatua na mikono kwa mapigo, na mara nyingi huelezwa kuwa unaiga mwendo wa ngamia. Mwanafunzi anayetaka kuonyesha uhusiano wa kofi, hatua na silabi katika mshororo anahitaji kujua viganja vilikutana lini hasa. Fremu 25 humpa kipimo cha milisekunde 40. Fremu 50 humpa kipimo cha milisekunde 20. Kwa kanda za namna hii, njia ya kundi la tano au la sita yenye kutoa fremu 50 ndiyo ifaayo. Kutupa nusu na kuchanganya havifai kabisa.

Katika usemaji, ushahidi uko katika midomo na uso. Mfano ni Kiilwana, kinachozungumzwa kando ya Mto Tana karibu na Garissa. Lugha hiyo imo katika kundi la Sabaki pamoja na Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Ngazija, na Derek Nurse aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu urithi na mgusano wa lugha. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, kanda ya mzee akizungumza Kiilwana ni hazina. Kufungika kwa midomo katika sauti kama /b/ au /m/ huweza kuchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa fremu 25 tendo hilo huangukia katika picha mbili hivi, na kwa fremu 50 huangukia katika picha nne hivi. Tofauti hiyo huweza kuamua kama hoja ya fonetiki inathibitika. Hali kadhalika, mazungumzo ya Lugha ya Ishara ya Kenya hutegemea vidole vinavyokwenda kasi, na kuyapunguza nyakati ni sawa na kuyafuta maneno.

Katika mambo yaliyotulia, ushahidi uko katika mistari. Hina iliyopakwa mikononi mwa bibi arusi, nakshi za mikeka inayofunika nyumba za wafugaji, na maandishi yaliyo ukutani ni vitu vyembamba visivyosogea. Mstari wa hina wenye unene wa mstari mmoja wa picha utatoweka kabisa ikiwa umeangukia katika nusu iliyotupwa. Hapa njia ya kundi la tano ina faida kubwa, kwa kuwa huviacha vitu vilivyotulia na mistari yake yote 576.

Katika ushahidi wa kihistoria, uaminifu hutangulia uzuri. Mauaji ya Wagalla, karibu na mji wa Wajir, yalitokea Februari 1984. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifanya vikao vya hadhara katika eneo hilo mwaka 2011, na filamu ya Judy Kibinge, Scarred: The Anatomy of a Massacre (2015), iliwapa walionusurika nafasi ya kusimulia wenyewe. Yeyote aliye na kanda ya zamani ya shahidi wa matukio kama hayo hana budi kuepuka programu zinazosafisha na kubuni. Uso wa shahidi unaponyamaza katikati ya neno, mkunjo wa paji ni sehemu ya maelezo. Nakala ya utafiti ifumuliwe kwa njia isiyozidisha ukisiaji, kama Bwdif, na maelezo ya njia iliyotumiwa yaandikwe pamoja na faili.

Ghani nayo ina mahitaji yake. Katika gabay, mzee huweza kuketi kitako akighani kwa muda mrefu bila kusogea sana, na kinachochunguzwa mara nyingi ni urudiaji wa konsonanti unaoshika utungo mzima. Hapo sauti ina uzito kuliko picha, na nakala ya fremu 25 inaweza kutosha kwa darasa. Ikilazimu kutoa nakala ya fremu 25, ni afadhali kutumia njia ya kupima mwendo kuliko kuchanganya.

Jaribio la kabla ya kazi

Kazi ya saa nyingi isianzwe kwa kubahatisha. Zikatwe sehemu mbili za sekunde 10 kila moja: moja yenye mwendo wa kasi kuliko wote katika kanda, na nyingine yenye mistari myembamba iliyotulia. Sehemu hizo zifumuliwe kwa njia tatu, kwa mfano Yadif ya fremu 25, Bwdif ya fremu 50 na QTGMC. Kisha zitazamwe fremu kwa fremu. Katika sehemu ya kwanza, zihesabiwe picha kutoka viganja vilipoachana hadi vilipokutana. Katika sehemu ya pili, iangaliwe kama mstari mwembamba umebaki, umetikisika au umepotea. Jaribio hili huchukua muda mfupi, na matokeo yake humwezesha mtafiti kueleza kwa nini aliteua njia aliyoiteua.

Kuihifadhi asili

Uteuzi wowote huwa na hasara, na ndiyo sababu nakala iliyosukwa haipaswi kutupwa baada ya kufumuliwa. Programu za leo ni bora kuliko za miaka 20 iliyopita, na za kesho huenda zikawa bora zaidi. Aliyeihifadhi asili ataweza kurudia kazi. Aliyebaki na faili iliyotupwa nusu hana pa kurudi.

Kanda ya MiniDV ya saa moja ikihamishwa bila kubadilishwa huchukua karibu gigabaiti 13, kiasi ambacho diski za siku hizi hukimudu. Kanda ya VHS inaweza kuhifadhiwa kwa mfumo wa FFV1, ambao haupotezi chochote na ambao maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 2021. Katika faili hiyo ionyeshwe waziwazi kwamba video imesukwa na ni nusu ipi inayotangulia.

Muda nao hausubiri. Joto la mchana mjini Garissa hupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na joto na vumbi ni maadui wa kanda za sumaku. Vifaa vya kuzichezea vinaadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, ilisitisha kazi hiyo mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba kanda zisizohamishwa hadi karibu mwaka 2025 zingekuwa hatarini kutochezeka tena. Mwaka huo umewadia, na kanda ambazo bado zimo katika masanduku ya familia zinahitaji kushughulikiwa kwa haraka.

Haraka hiyo isisahaulishe heshima. Sherehe nyingi za buraanbur hufanyika mbele ya wanawake pekee, na waliopigwa picha hawakuridhia kutazamwa na kila mtu. Idhini ya familia itafutwe kabla ya kanda kuguswa, na inapowezekana kazi ifanywe na mtafiti wa kike. Kwa kuwa programu zilizotajwa zinapatikana bila malipo, mwanafunzi anaweza kuifanya kazi yote katika kompyuta yake mwenyewe bila kanda kupitia mikono ya wageni.

Hitimisho

Imebainika kwamba meno yanayoonekana katika kanda za zamani ni alama ya nyakati mbili zilizosukwa pamoja, na kwamba kila njia ya kuzifumua huhifadhi kitu na kupoteza kingine. Penye mwendo, fremu 50 zihifadhiwe. Penye utulivu, mistari yote ihifadhiwe. Penye ushahidi, ukisiaji upunguzwe. Penye filamu, pasifumuliwe kitu. Maamuzi haya yanahitaji mtu anayejua buraanbur ni nini, konsonanti hutamkwaje, na ushahidi una thamani gani, na mtu huyo yumo katika madarasa ya fasihi na isimu kuliko katika duka la kunakili kanda. Hata akifanikiwa kupata faili laini na ya kupendeza, kanda na nakala yake ya awali azitunze. Waswahili walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.